Figo mpya, vumbi la mahindi: Kazi inayobaki nyumbani Kibaigwa

Mkazi wa Kibaigwa ambaye figo zake zimefeli anaweza leo kupandikizwa figo bila kupanda ndege kwenda India. Muhimbili ilianza huduma hiyo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata Machi 2018 ikishirikiana na madaktari kutoka Japani.

Ila upasuaji ni wa saa chache tu. Kuitunza figo hiyo ni kazi ya kila siku, na sehemu kubwa hufanyika nyumbani.

Saa 1 ni saa 1

Mwili huiona figo ya ndugu kama kitu kigeni. Ili usiishambulie, mgonjwa anameza dawa za kushusha kinga muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Aliyemeza saa 1 asubuhi anarudia saa 1 jioni, hata kama yuko mnadani.

Hatari inakuja pale mtu anapojisikia mzima na kuanza kuruka dozi. Mwili unaweza kuikataa figo kimyakimya, bila maumivu yoyote. Ndiyo maana kliniki wanapima damu. Siku ya kipimo, dozi ya asubuhi husubiri hadi damu itolewe, hivyo ondoka nyumbani na dawa mfukoni.

Mji wa nafaka

Kibaigwa inaishi kwa soko lake la mazao: malori, magunia na vumbi. Kwa wengi vumbi ni kero tu, unapiga chafya yanaisha. Kwa aliyeshushwa kinga, vumbi la nafaka linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Miezi ya mwanzo, wakati dozi ziko juu, ghalani na mashineni si mahali pake. Akilazimika kupita, avae barakoa.

Chakula nacho kina masharti. Maji na maziwa yachemshwe, nyama iive vizuri. Balungi aliache, linapandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu. Mitishamba, hata ya kuletewa na shangazi, asiiguse bila kumuuliza daktari. Vivyo hivyo dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huumiza figo.

Halafu kuna suala la kazi. Kwa wiki kadhaa mgonjwa hatakiwi kubeba vitu vizito. Ndugu aliyemtolea figo naye yuko hivyohivyo. Kaya inayotegemea kubeba magunia inaweza kukosa watu wawili kwa mpigo, pengine katikati ya mavuno. Hesabu hiyo ifanywe na ukoo mzima kabla ya upasuaji.

Bima ipimwe mwezi wa 20

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa wagonjwa hawa, kipimo chake kisiwe upasuaji peke yake. Swali ni kama mwezi wa 20 dawa zitapatikana, na kama damu itachukuliwa Kongwa na sampuli kupelekwa Dodoma, badala ya mgonjwa kutafuta nauli kila mara.

Dawa zikikatika, figo inaweza kufa. Mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na ndugu aliyejitoa amebaki na figo moja bila faida iliyokusudiwa. Kwa serikali pia hiyo ni hasara mara mbili: imelipia upasuaji, sasa inalipia mashine.

Kwa aliyeko nyumbani sasa: ukiona homa, mkojo umepungua, miguu imevimba au panauma ilipowekwa figo, usisubiri tarehe ya kliniki. Piga simu hospitali, anza safari siku hiyohiyo.