Mtoto wa Garaji Afundishwe Kazi, Asitumwe Tu

Wandugu, pitieni katika magaraji ya Katuba, ya Likasi ao ya Kolwezi, mtaona vijana wenye nguo nyeusi kwa mafuta. Watu wasema wanajifunza kazi ya kutengeneza motokari. Twauliza: wanajifunza nini?

Asubuhi kijana afagia. Anaosha vyuma kwa esanse. Anaitwa: lete kle ya 12, lete kle ya 14, shika taa! Lakini siku ya kurudisha kulasi, kile kifuniko cha juu cha moteri, fundi amtuma kununua sigara. Na hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mabuloni ya kulasi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko miwili ao mitatu, si kwa nguvu zote mara moja. Ukikosea, kulasi yapindika, maji yaingia katika mafuta, na moteri ya mtu imekufa. Kijana ashika taa miaka minne na neno hili hajaambiwa. Fundi aogopa kwamba akilijua atafungua garaji yake ng'ambo ya barabara.

Desturi hii twaijua. Wakati wa Wabelgiji mtu mweusi alishika taa, mzungu alishika maarifa. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, wana wa nchi wenye diploma ya universite hawakufika 30 katika Kongo nzima. Tulilalamika, na haki ilikuwa yetu. Leo twawafanyia watoto wetu yale yale, tena kwa wivu tu?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema wazi: anayepokea mtu wa kujifunza kazi, lazima ampe mafundisho kamili na yenye utaratibu. Haisemi kufagia.

Sisi makarani wa mgodi twawaona wakija kuomba kazi. Mikono yao yaonyesha miaka ya garaji, lakini karatasi hawana hata moja, na mikono haiandikwi katika kitabu cha kazi. Wengine wanashuka mashimoni kuchimba kwa sururu.

Wazazi, msimwache mtoto kwa fundi kwa maneno ya mdomo. Ombeni maandiko: miaka mingapi, atafundishwa nini kila mwaka, franka ngapi za chakula, na siku ya mwisho atatoka na karatasi gani. Nanyi mafundi wazuri (maana wapo, twawajua), tieni sahihi zenu chini yake.