Mgonjwa Asifanywe Tarishi

Mgonjwa wa hapa Nyarugusu akipewa rufaa kwenda Kasulu au Kigoma, huondoka na barua ya daktari wa kambi. Siku ya kuruhusiwa hupewa karatasi ya hospitali, akifika nyumbani anaificha chini ya godoro kama cheti cha ndoa. Zahanati itajuaje alichotibiwa? Mama mwenye presha, kwa mfano, hospitali imempa dawa kwa jina moja, zahanati inampa ileile kwa jina jingine. Akimeza zote mbili presha inashuka mno, anaanguka bombani na ndoo kichwani. Aliyepasuliwa naye hajui nyuzi zitolewe lini.

Wapo wanaosema mgonjwa ndiye mzembe. Mimi sikubali. Mtu aliyeamka jana kitandani, pengine hajui kusoma, ndiye wa kupeleka habari baina ya madaktari wawili? Hospitali iandike nakala mbili, moja apewe dereva wa gari la wagonjwa aifikishe zahanati siku hiyohiyo.

Hadi hilo lipangwe, ukirudi nenda zahanati kesho yake na karatasi pamoja na dawa zote ulizonazo, hata zile za zamani. Za kienyeji pia zitaje.