Stata ya bajaji ikigoma, usiihamishie hatari chumbani

Ni saa kumi na moja alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha na maji ya Mto Msimbazi yamepanda hadi karibu na vibaraza vya Jangwani. Baba anageuza ufunguo wa bajaji na kubonyeza kitufe cha stata. Kimya. Anabonyeza tena, inasikika "tiki" moja tu. Mama, akiwa ndani, anajua maana yake: hesabu ya tajiri haingoji, na nauli ya watoto ilikuwa itoke kwa abiria wa kwanza wa Kariakoo.

Kwa familia inayoishi kwa bajaji, chombo hicho ndicho sufuria la nyumba. Kikigoma, njia za mkato huwa nyingi. Watoto wanaitwa kusukuma, betri inaingizwa chumbani kuchajiwa, fyuzi iliyoungua inawekewa kipande cha waya. Hapo ndipo ubovu mdogo wa chombo unapozaa jeraha la mtu.

Sikiliza kwanza

Kabla ya kumwita fundi, sauti ya stata husema mengi. Ikiwa kimya kabisa, anza na mambo mepesi: gia iko huru? Klachi imebanwa? Swichi ya kuzimia imeachwa vibaya? Fyuzi imeungua?

Ikilia "tiki tiki tiki" kwa haraka, mara nyingi betri imeisha chaji au vichwa vyake vimelegea. Ikilia "tiki" moja nzito, kagua betri na nyaya, kisha rilei na stata yenyewe. Ikizunguka kwa unyonge, betri imechoka, waya wa bodi umeshika kutu, au kaboni za ndani ya stata zimelika. Ikizunguka kwa kasi lakini injini haigeuki, betri haina kosa. Tatizo liko kwenye meno yanayounganisha stata na injini.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani 12.6 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza kabla ya kununua stata mpya. Wengi hutumia fedha Kariakoo kununua kifaa ambacho hakikuwa kibovu, wakati dawa ilikuwa kusafisha ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri.

Kazi hiyo ya kusafisha haihitaji gharama: maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, mswaki mkuukuu na glavu. Vua pete na saa, kwa sababu chuma kikigusa vichwa viwili vya betri hupata moto ghafla na kuunguza kidole. Fungua upande wa hasi kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Bajaji iliyoingiwa na maji ya mafuriko isibonyezwe stata hata mara moja kabla ya kukaguliwa. Tope linaweza kuwa limeingia kwenye stata, na maji yakiwa yameingia ndani ya injini, kuilazimisha izunguke kunaweza kuivunja. Anayeishika avae buti na glavu, kisha anawe kwa sabuni. Maji ya Msimbazi yakipanda hubeba na ya vyooni.

Betri si ya kulala nayo

Kwa kuogopa wezi, madereva wengine huifungua betri jioni na kuiweka chini ya kitanda. Wengine huichaji humo humo, watoto wamelala. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja ya swichi au kiberiti hutosha kuilipua. Ndani yake pia kuna tindikali na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Ichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto, na mtoto asiifikie.

Tindikali ikimrukia mtu machoni, asisugue. Mwagia maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke hospitali bila kuchelewa hata kama anasema maumivu yamepungua. Maziwa, asali na dawa za kubahatisha visitumike. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi vivyo hivyo.

Jambo la tatu ni moshi. Chombo kikiwaka baada ya kusumbua, dereva huogopa kukizima, akakiacha kinanguruma kwenye ua uliozibwa au chini ya dirisha. Pikipiki nazo huwashwa ukumbini. Moshi huo una hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Watu kadhaa wa nyumba moja wakilalamika kwa pamoja, toeni kila mtu nje, zimeni injini na muende hospitali.

Kusukuma nako kuna kanuni. Wasukume watu wazima, nyuma pasiwe na gari, na mgongo usipinde. Mjamzito na mtoto wasiguse. Fyuzi irudishiwe fyuzi ya kiwango kilekile. Waya hauungui kuzuia hatari, huiacha iwashe moto kwenye nyaya zote.

Stata isibonyezwe zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Subiri nusu dakika, jaribu tena. Ikigoma mara ya tatu, acha, vinginevyo betri itamalizika na stata itaungua.

Asubuhi ya namna hii, mama ana haki ya kuuliza kabla betri haijavuka mlango: "Baba Fulani, hiyo unaipeleka wapi?" Swali hilo si dharau kwa dereva. Hesabu ya siku moja inaweza kuombewa muda kwa tajiri. Jicho la mtoto halina wa kuliombea muda.