Gerezani Si Hotelini, Kwa Hiyo?

Taja kwenye kijiwe chochote cha Simbo, Kigoma, kwamba mfungwa fulani anadai fidia kwa kutibiwa ovyo, utajibiwa kabla hujamaliza: gerezani si hotelini, aliyataka mwenyewe. Wajuaji wataongeza: sisi wenyewe zahanati tunaandikiwa dawa tukanunue dukani, yeye nani?

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo wanayojivunia, na ndiyo mbovu kuliko zote. Wewe ukikosa dawa zahanati unapanda bodaboda hadi hospitali ya Maweni. Nauli ikipungua unamkopa shemeji. Mfungwa anayekohoa damu usiku ana askari wa zamu tu, na huyo akisema "subiri asubuhi", imekwisha. Hakimu alimpa miaka. Kifua kikuu hakikuwamo kwenye hukumu.

Na wengine hata hukumu hawana. Dudley Lee alikaa mahabusu Pollsmoor, Afrika Kusini, zaidi ya miaka minne, akaugua kifua kikuu humo humo, kisha mwaka 2004 akaachiwa huru. Aliishtaki serikali, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikasema serikali inawajibika. Huyo naye aliyataka?

Wanaodhani kesi hizi ni njia ya mkato ya kula fedha za umma wamtazame Mmarekani J.W. Gamble. Mwaka 1973 robota la pamba lilimwangukia akipakua lori, kazi ya gereza huko Texas. Wafungwa wetu wa gereza la Kwitanga, wanaotunza michikichi, wangemwelewa upesi. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni ukatili unaokatazwa na katiba. Gamble mwenyewe akaangushwa: alishaonwa na watu wa tiba mara 17, na uzembe wa daktari peke yake, majaji wakasema, haufiki huko.

Kwetu Tanzania, anayetaka kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ndipo aende Mahakama Kuu. Mtu huru mwenye wakili huhangaika. Mfungwa ataandika kwa kalamu ya kuomba, barua ipite kwa wale wale anaowalalamikia, na faili la matibabu, ushahidi wake mkubwa, wanalo wao. Tuanzie hapo: nakala ya faili hilo apewe yeye au ndugu zake siku wanapoitaka.