Kicheko Kinachofunga Kitabu cha Matukio

Januari 2025, Rais William Ruto aliunda jopokazi la watu 42 kuchunguza dhuluma za kijinsia na mauaji ya wanawake, chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza. Mjadala uliofuata uliamsha swali la siku nyingi: na mwanaume anayepigwa na mkewe, je? Mtaani Kahawa Wendani, kando ya barabara ya Thika, kama kwingineko nchini, swali hilo likizuka kwa kinyozi au kwenye steji ya matatu hujibiwa kwa kicheko. Kicheko hicho ni dhuluma ya pili, na hakistahili kuendelea kuitwa utani.

Katika magorofa ya kupanga ya Wendani, kuta hazina siri. Jirani husikia sahani zikivunjika, na bawabu huona nani ametoka usiku. Akitoka mama na watoto, hakosi mlango wa kubisha. Akitoka baba ana damu kichwani, ataambiwa amekaliwa na mkewe, na kufika asubuhi ploti nzima itakuwa na hadithi yake.

Wanaopinga mjadala huu wanasema unawapokonya wanawake nafasi. Kilio chao ni cha haki. Polisi walisema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024, na Januari ya mwaka huo mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa Roysambu, kwenye barabara hii hii ya Thika. Lakini kumwandikia mwanaume ripoti hakumfuti mwanamke yeyote kwenye kitabu cha matukio cha polisi, yaani OB. Wengine husema mwanaume ana nguvu, ajitetee. Akijitetea, usiku huo atalala seli yeye.

Takwimu nazo zimechezewa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 44 ya wanaume waliwahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Wapo wanaoinua namba hiyo kana kwamba wanaume hao wote walipigwa na wake zao, ilhali wengi walitaja walimu, wazazi na watu wengine. Waliowahi kudhulumiwa kimwili au kingono na wenzi wao walikuwa asilimia 9 ya wanaume waliowahi kuoa, dhidi ya asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa. Asilimia 9 inatosha. Ni takriban mwanaume 1 kati ya 11, na haihitaji kutiwa chumvi ili iwe aibu kwa taifa.

Hata hiyo 9 ilipatikana kwa sababu mtafiti alibisha mlango akauliza. Kwenye kituo cha polisi ni mwathiriwa anayebisha, na hapo ndipo shauri lote linapoamuliwa. Mwanaume aliyemwagiwa maji moto anafika kwenye meza ya mapokezi akiwa amemeza aibu njia nzima. Anaulizwa, "Umepigwa na bibi? Wewe?" Afisa wa pili anaitwa aje asikie. Kisha ushauri: "Rudi nyumbani mkaongee." Hakuna kilichoandikwa. Bila namba ya OB, fomu ya P3 haina pa kuanzia. Bila P3 iliyojazwa na daktari, kidonda kitapona na ushahidi utaondoka nacho. Faili haitafika mahakama ya Ruiru wala ya Thika, na mwisho wa mwaka hesabu ya polisi itaonyesha kwamba mtu huyo hakuwahi kupigwa. Kisha wale wale waliocheka watauliza: kama wanaume wanapigwa, mbona hawaripoti?

Kituo kinachomfukuza mlalamishi kwa kicheko hakiwezi kuutumia ukimya wake kama ushahidi kwamba hakuna tatizo. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 haijaacha mwanya. Inamlinda mume kama inavyomlinda mke. Kifungu cha 6 kinamtaka afisa aliyepokea malalamiko amweleze mlalamishi haki zake, njia za kupata hifadhi na matibabu, na kwamba anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Hakuna mstari unaompa afisa ruhusa ya kumpima mlalamishi uanaume kabla ya kuchukua kalamu. Askari anayefanya hivyo anavunja sheria akiwa amevaa sare ya sheria, na mkuu wa kituo anayenyamaza anavunja naye.

Mapema 2012, mwanaume wa Nyeri alikatwakatwa usoni, picha zake zikaenea magazetini na kwenye televisheni. Kilichobaki vinywani si kidonda chake bali vichekesho kuhusu wanawake wa Nyeri, na bado vinajaza kumbi. Hata chama cha Maendeleo ya Wanaume, kilichodai kumtetea, kiliwahimiza wanaume kususia chakula cha nyumbani, na suala la hospitali na mahakama likageuka mchezo wa kuigiza. Nani alidai kituo cha polisi kifuate sheria? Nani alidai pa kulala kwa baba aliyefukuzwa usiku na watoto wake, katika nchi ambamo nyumba nyingi za hifadhi zilianzishwa kwa ajili ya wanawake na watoto? Tumecheka vya kutosha. Mtu aliyeshonwa uso si kichekesho, na anayemrekodi jirani akipigwa ili asambaze video hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ni mshirika wa anayepiga.

Wakuu wa vituo katika eneo la Ruiru na Thika hawahitaji sheria mpya wala jopo jingine ili kuagiza kila lalamiko liandikwe siku linapoletwa, awe aliyelileta ni mama au baba. Na wewe uliyepigwa, usiondoke kituoni bila namba ya OB. Ukinyimwa, muulize mkuu wa kituo kifungu cha 6 kinasema nini. Simu ya 1195 ya kuripoti dhuluma za kijinsia haitozwi, usiku na mchana.