Kiwavi wa mchungwa si kiwavijeshi: acheni kupulizia msichokijua



Kila mvua zikianza na michungwa ikatoa majani mapya, hapa Buseresere nasikia neno lilelile: "Bwana shamba, viwavijeshi wamehamia kwenye michungwa." Nikifika nakuta bomba liko mgongoni tayari. Dawa imenunuliwa gulioni, imemiminwa kwenye chupa ya maji, haina lebo. Tuambiane ukweli: hapo aliyekosea si mdudu, ni sisi.

Mtambue kwanza. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Chakula chake kikubwa ni mahindi.

Wa mchungwa, akiwa mdogo, ni mweusi mwenye mabaka meupe, utadhani kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua anakuwa wa kijani, mnene, mwenye michirizi ya kahawia. Mguse: nyuma ya kichwa atatoa kitu chekundu chenye pacha mbili na harufu kali. Hiyo si pembe ya sumu, wala hachomi. Anatishia maadui zake tu. Mwishowe anakuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka mindimu. Jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus.

Mchungwa mkubwa hauuawi na viwavi wachache hawa. Hatari ipo kwa miche kitaluni na miti michanga, maana huko wanaweza kuacha vijiti vitupu. Dawa yake ni vidole vyako. Kagua majani machanga mara mbili kwa wiki, okota viwavi na vijiyai vya njano vilivyotagwa kimoja kimoja, tumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Gharama yake ni muda wako tu.

Najua mtasema, "Dawa ni dawa, inaua wote." Hilo ndilo kosa lenyewe! Inaua pia nyigu wadogo wanaowamaliza viwavi hao bila malipo, na nyuki wanaofuata maua. Halafu chungwa analila mtoto wako. Bila lebo, utajuaje usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma?

Nanyi wauzaji, msijifiche nyuma ya mkulima. Kiuatilifu halali kimesajiliwa na TPHPA na kinauzwa kwenye chombo chake chenye lebo. Anayemimina kwenye chupa za maji anauza sumu kwa jirani yake, na kesho mtoto atainywa akidhani ni maji.

Ukimwona mdudu usiyemjua, mtie kwenye kopo pamoja na jani alilokuwa akila, umlete kwa afisa ugani akiwa hai. Leta mdudu kabla hujatoa hela ya dawa.