Ndengu za Migwani, dengu za Makindu

Kazi ya uandishi, mpenzi msomaji, ina raha na karaha yake. Raha ni kuzunguka nchi kwa gari la ofisi. Karaha ni kuwaza utakula wapi.

Majuzi nilitumwa Migwani, kaunti ya Kitui, kuzungumza na wakulima wa ndengu. Mwenzangu safarini alikuwa dereva wetu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

Migwani si mji wa mikahawa ya fahari. Tuliingia hoteli ya mabati, na mama mwenye hoteli akatuletea chapati moto, sahani mbili za ndengu na chai iliyokolea tangawizi. Mzee alikula hadi akalegeza mshipi.

"Mwaitu, hiki ndicho chakula chetu sisi Wakamba!" akamsifu mama.

Sikumjibu, maana kinywa kilikuwa kimejaa. Lakini chapati, msomaji, ililetwa kwetu na Wahindi, jina na yote. Hata ndengu, ambazo Kitui inasifika kwazo, asili yake ni India.

Kesho yake tulikuwa na kazi Makueni. Tulishika barabara ya Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, kisha tukageukia upande wa Nairobi. Kufika Makindu, saa nane mchana, tumbo lilikuwa linanguruma kuliko injini. Nikapendekeza tule katika hekalu la Masingasinga, au Kalasinga kama tulivyozoea kuwaita, ambako msafiri yeyote hulishwa bure.

Mzee akaegesha gari kando ya barabara. "Kijana, mimi sili kwa Wahindi."

Nilicheka. "Mzee, na jana ulikula nini? Hata hili *gari*, *bima* yake unayoilalamikia, na hizo *laki* unazongojea ukistaafu, yote ni maneno ya Kihindi!"

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba katika miaka ya 1980, akiwa kijana, alifanya kazi nyumbani kwa tajiri mmoja wa Kihindi jijini. Kikombe chake kilikuwa cha bati, kikitundikwa msumarini nje ya mlango wa nyuma, kisije kikachanganyika na vya wenye nyumba. Chakula alikula uani, amechuchumaa. Miaka mitatu.

"Chakula chao hakina ubaya," akasema. "Ubaya ni pale waliponiweka nikile."

Kicheko kilinikauka. Nilimwomba radhi, nikamwambia twende zetu. Akakaa kimya, kisha akazima injini. "La, twende. Nione hawa wataniweka wapi."

Hekalu hilo lilijengwa mwaka wa 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli. Reli yenyewe ilianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na kama 2,500 kati yao wakafa. Desturi ya kulisha watu wote pamoja, bila kuuliza dini wala tabaka, Masingasinga wameirithi tangu enzi za Guru Nanak, mwasisi wa dini yao aliyefariki mwaka wa 1539.

Tulivua viatu, tukafunika vichwa kwa vitambaa. Tukapewa chapati, dengu, wali na mboga. Nyama haipikwi hapo. Tukaketi ukumbini pamoja na madereva wa malori, akina mama na watoto wao, na familia za Kihindi zilizokuwa zikielekea Mombasa.

Chai ilipofika, mzee mmoja mwenye kilemba alimpitishia mzee wangu kikombe. Mzee hakunywa mara moja. Alikigeuzageuza, akatazama vilivyokuwa mikononi mwa wengine.

"Vinafanana," akaninong'oneza. Kisha akanywa.

Sisemi kwamba kikombe kimoja cha chai kilifuta miaka mitatu. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44, na ni jambo jema, lakini tangazo la serikali haliketishi watu pamoja mezani. Hilo hufanywa na watu wenyewe.

Tulipokuwa tukiondoka, Mzee alitia noti katika sanduku la sadaka, ingawa hakuna aliyemdai. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Njiani kuelekea Nairobi ni mimi niliyekosa raha. Nilikumbuka msichana anayetusaidia kazi nyumbani, na jinsi anavyokula jikoni, amesimama, sisi tukiwa mezani tunatazama televisheni. Anacho kikombe chake pia. Hakuna aliyewahi kuamuru kiwe hivyo, bali kimekuwa tu, na sisi si Wahindi.

Leo ni Jumapili, msomaji. Chapati zikiiva kwako, hebu tazama yule aliyezisukuma anazilia wapi.